Bega Lako Linaanzia Mgongoni

Kioo kina ubaguzi. Kile kinachoonekana kwa kioo ndo watu wanafanyia kazi: kifua, mikono, tumbo. Ingia jimu yoyote ya mtaa Jumatatu jioni, iwe ni Umoja, Kayole ama Mlolongo, utapata wasee sita wamepanga foleni wakingoja benchi moja. Vyuma vyenyewe ni mikebe ya rangi iliyojazwa zege na paipu katikati, na inapanda na kushuka mpaka usiku. Uliza nani leo anafanya mgongo. Mmoja atakujibu, "Mgongo ni kesho." Hiyo kesho mimi bado naingoja.

Si ati nina shida na kifua. Mimi pia hukaa kwa hiyo foleni. Lakini kuna fupa moja mgongoni ambalo misuli yake ikiwa dhaifu, hayo mabega yako makubwa ni ghorofa tano juu ya msingi wa kibanda. Na hii si story ya jimu pekee. Ni story ya mama anayefua nguo za watu, kijana wa mjengo anayepandisha mawe, kinyozi, fundi anayepaka rangi dari, mwalimu anayeandika ubaoni. Hawa wote wanakula kupitia bega.

Fanya hivi kwanza. Mkono wa kushoto upeleke juu ya bega la kulia, ushuke nao nyuma mpaka uguse fupa bapa. Sasa inua mkono wa kulia polepole hadi juu kabisa. Umesikia vile fupa limeteleza? Hilo linaitwa kombe la mkono. Wengi wetu hatujui hata lina jina, tunasema tu "hapa nyuma ya bega". Lina pembe tatu kama mwiko wa mwashi, ncha ikiangalia chini, na limelala juu ya mbavu, kuanzia karibu ubavu wa pili hadi wa saba.

Sasa kitu cha ajabu ni hiki: halijashikana na uti wa mgongo. Halijashikana na mbavu pia. Limeunganishwa na mifupa ya kiwiliwili mahali pamoja tu, kupitia mtulinga, ule mfupa wa mbele unaoonekana ukivaa nguo ya shingo wazi. Kwingine kote ni misuli inalishikilia. Misuli 17 imejikita kwa hilo fupa moja. Kwa hivyo mkono wako mzima, pamoja na ndoo ya maji uliyoibeba, unaning'inia kwa fupa ambalo lenyewe linaelea.

Na kiungo cha bega kiko vipi? Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani kidogo. Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono, kisahani ni ile kona ya kombe ambapo mfupa unakalia. Kisahani hicho si kirefu kama kikombe cha nyonga, kwa hivyo bega linaweza kugeuka pande zote kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Lakini chungwa likielekea juu na kisahani kikibaki pale pale, litateleza. Ndo maana kila ukiinua mkono, kisahani lazima kizunguke kifuate chungwa. Anayekizungusha ni misuli ya kombe.

Kuna hesabu yake pia. Kuinua mkono kutoka kwa paja hadi juu ya kichwa ni safari ya karibu nyuzi 180. Kiungo chenyewe hufanya kama 120, na zile 60 zilizobaki zinatoka kwa kombe likizunguka juu ya mbavu. Inman na wenzake huko Marekani waliichapisha hesabu hii mwaka 1944. Vipimo vilivyokuja baadaye vimeonyesha kwamba haiko sawa kwa kila mtu, na ukibeba mzigo inabadilika, lakini wazo lenyewe limesimama. Karibu theluthi moja ya kuinua mkono ni kazi ya mgongo. Hiyo theluthi ndo ile hakuna mtu anaifanyia mazoezi.

Misuli mikuu ya kuzungusha kombe ni miwili. Wa kwanza ni trapeziasi, ule mkubwa unaoanzia chini ya fuvu, ukatanda mabegani, ukashuka hadi katikati ya mgongo. Una sehemu tatu: ya juu inavuta kombe juu, ya kati inalivuta kwa uti wa mgongo, ya chini inalivuta chini. Wa pili ni serato anteria. Huu umejificha. Unatoka kwa mbavu za pembeni, unapita chini ya kombe, unashika ukingo wake wa ndani. Mabondia wanaujua vizuri kwa sababu ndo unaosukuma kombe mbele ngumi ikitoka, na ukimwona mtu mwembamba aliye fiti, ndo ile mistari kama vidole pale ubavuni chini ya kwapa. Misuli hii hufanya kazi kama dereva wa matatu akikata kona: mkono mmoja unavuta, mwingine unasukuma, na usukani unazunguka. Mkono mmoja ukilala, usukani hauzunguki sawa.

Juu ya kombe kuna misuli mingine minne midogo, inayoshika lile chungwa lisihame. Hiyo inatoka kwenye kombe lenyewe. Sasa fikiria unajaribu kuvuta kamba umesimama juu ya mkokoteni ambao magurudumu yake hayajawekewa jiwe. Hata ukiwa na nguvu za ng'ombe, ni mkokoteni utasonga. Misuli midogo iko hivyo. Kombe likiyumba, hiyo minne inafanya kazi mara mbili, na ndo inaanza kulia.

Mimi sikujua haya yote kwa sababu ya kitabu. Niliyajua kwa sababu ya sistangu.

Sistangu ni msusi. Kama umewahi kwenda Kenyatta Market kusukwa unajua hiyo kazi: wasichana watatu, wanne wamezunguka kichwa kimoja, vidole vinakimbia, story zinaendelea, na mteja anatoka na rasta mpaka kiunoni. Yeye hafanyi huko, yuko saluni ndogo mtaani, na mara nyingi yuko peke yake kwa kichwa. Kichwa kimoja cha rasta ndogo kinaweza kumchukua saa saba. Saa saba mikono iko mbele na juu.

Watu hudhani kazi ya kusuka ni ya vidole. Piga hesabu. Mkono mmoja wa binadamu una uzito wa karibu asilimia 5 ya mwili. Mtu wa kilo 60 ana mkono wa kilo 3 hivi. Hiyo ni pakiti moja ya unga na nusu. Sasa shikilia pakiti na nusu ya unga mbele yako, kila upande, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa mchana, na usisahau kucheka na mteja.

Bega la kulia lilianza kumuuma kama mchezo. Kwanza lilikuwa linauma jioni. Kisha likaanza kuuma akianika nguo kwa kamba. Kisha ikafika mahali hawezi kulilalia. Akawa ananunua dawa ya maumivu kwa kemisti, vidonge viwili asubuhi kabla ya kufungua saluni, na baada ya miezi kadhaa tumbo nalo likaanza kuchoma, kwa sababu hizo dawa zikizoeleka hivyo zinaweza kukwaruza tumbo mpaka vidonda. Alienda kliniki moja, akadungwa sindano, akaambiwa apumzishe mkono mwezi mmoja.

Mwezi mmoja! Mkono upumzike, na landilodi naye apumzishe kodi? Hapo ndo mimi hukasirika na ushauri wa afya tunaopewa. Unatolewa kana kwamba kila mtu ana mshahara unaoingia akiwa amelala. Msusi anakodisha kiti. Siku asiyosuka, kiti kinadaiwa bado. Tena kuna jambo lingine: ukipumzisha bega mwezi mzima bila kulipa nguvu, linarudi kazini likiwa dhaifu kuliko lilivyotoka. Kazi haijapungua hata kilo moja, ila anayeibeba ndo amepungua.

Mteja wake mmoja ndo alimwambia aende hospitali ya kaunti, aulize idara ya fiziotherapia. Watu wengi hawajui hiyo idara iko. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zinayo, na vijana wengi wanaofanya kazi humo wamesomea KMTC. Nilimsindikiza, nikakaa kwa kona nimeshika mkoba wake.

Fizio hakugusa bega kwanza. Alisimama nyuma yake, akamwambia ainue mikono yote miwili polepole na aishushe polepole. Mara tano hivi. Hata mimi niliona, na sijasomea chochote. Upande wa kushoto kombe lilipanda na kurudi laini kama droo. Upande wa kulia bega lote lilikimbilia sikio kwanza, kana kwamba linauliza "mimi sijui", na wakati wa kushuka ile kona ya chini ya kombe ilichomoza nje kama ubawa wa kuku. Mkono ulipofika usawa wa bega, sista akakunja uso.

Kisha akafanya kitu ambacho sijasahau. Akaweka mkono wake kwa ile kona ya chini ya kombe, akamwambia ainue tena, na akawa analisukuma kombe lizunguke wakati mkono unapanda. Mkono ukafika juu. Sista akageuka akaniangalia. Maumivu hayakuisha yote, lakini yalikuwa yamepungua nusu, bila dawa, bila sindano. Fizio akasema, "Hii kazi nimeifanya na mkono wangu ndo misuli yako inafaa kufanya. Tutaifundisha."

Sasa kabla uende kwa kioo kujichunguza kama una ubawa wa kuku: tulia. Makombe mengi hayasongi sawasawa pande zote mbili, hata kwa wachezaji wasio na maumivu yoyote. Mwili si mashine ya kupimwa na rula. Kombe kuyumba si ugonjwa peke yake. Swali ni kama unaumia, ama unakosa nguvu, ama kazi yako inalidai bega kuliko vile limejengwa. Nasema hivi kwa sababu kuna biashara kubwa imekua juu ya hofu hii. Umeona zile mkanda za kuvaa kama mkoba wa shule bila mkoba, zinavuta mabega nyuma, "nyoosha mgongo kwa siku 14". Ukivaa mkanda, mkanda ndo unafanya kazi. Ukiuvua, misuli iko pale pale ulipoiacha. Pesa hiyo nunua mayai.

Na wale wa kupasua pia wasiwe na haraka. Kulikuwa na upasuaji maarufu sana wa kukwangua mfupa juu ya bega ili kupanua nafasi, kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu ya bega. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kutoka Uingereza, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 300. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji huo, lingine lilifunguliwa na kuangaliwa tu ndani bila kukwanguliwa chochote, na la tatu halikufanyiwa kitu. Waliokwanguliwa hawakuwa bora kuliko waliofunguliwa bure. Na tofauti kati yao na wale walioachwa hivyo hivyo ilikuwa ndogo mno, si ya kumfanya mtu asikie amebadilika. Mwaka huo huo Wafini nao wakatoa utafiti wao, nao haukuona faida ya maana ya kukwangua kuliko upasuaji wa uongo. Hii haimaanishi upasuaji wa bega wote ni bure. Msuli ukikatika kabisa baada ya kuanguka, ama bega likichomoka kila mara, hiyo ni story nyingine. Lakini kwa bega linalouma tu kwa kuchoka, mazoezi huja kwanza.

Basi mazoezi yenyewe. Nitakuambia vile sista alifanya, kwa sababu hakuna hata moja linalohitaji jimu.

La kwanza ni la ukuta, na kama utafanya moja tu, fanya hili. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja viwili ukutani usawa wa kifua, viwiko vimenyooka. Usikunje viwiko. Acha kifua kizame kidogo kuelekea ukuta, makombe yakaribiane. Halafu sukuma ukuta kana kwamba unataka kuuhamisha hadi kwa jirani, mpaka usikie makombe yametengana na mgongo wa juu umejaa. Ni mwendo mdogo sana, sentimita chache tu. Mtu akikuangalia atadhani umesimama. Lakini ukifika mara ya kumi na mbili utasikia moto chini ya kwapa, na huo ndo ule msuli wa bondia umeamka. Ukuta ukizoeleka, shuka kwa meza, halafu sakafuni kwa magoti, halafu pushapu kamili ukiongeza huo msukumo wa mwisho juu. Wasee wengi wa benchi hawajawahi kufanya huo msukumo wa mwisho, kwa sababu kwa benchi makombe yamebanwa na ubao. Hayana pa kwenda.

La pili ni blada. Unajua ule mpira unaokatwa kutoka kwa tyubu, ule watu wa boda hufungia mizigo? Fundi wa baiskeli atakukatia mita mbili bila kelele nyingi. Ufunge kwa grili ya dirisha usawa wa tumbo, shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma kama unapiga kasia. Usianze na mikono. Anza na makombe kukaribiana, mikono ifuate. Kaa hapo hesabu mpaka tatu, rudisha polepole. Kurudisha polepole ndo nusu ya kazi, na ndo nusu watu hutupa.

La tatu lina ubishi wake. Weka mikono yako ukutani kuanzia kiwiko hadi kiganja, telezesha juu, ukifungua kidogo kama unachora herufi Y, huku ukisukuma ukuta kwa upole. Ukifika juu, acha kombe lipande. Najua kocha wako wa jimu amekuambia "mabega nyuma na chini" kwa kila kitu. Kwa kuvuta na kubeba kitu kutoka chini, sawa. Lakini ukiinua mkono juu ya kichwa huku umekaza kombe chini, unalizuia kufanya zile nyuzi 60 zake. Unafunga breki na kukanyaga mafuta. Kupanda kombe likizunguka ni sawa kabisa. Kinachosumbua ni bega lote kukimbilia sikio kabla mkono haujafika popote.

La mwisho ni la kitandani. Lala kifudifudi, kichwa na mikono vikiwa ukingoni mwa kitanda, nyoosha mikono mbele kwa umbo la Y, vidole gumba juu, inua. Hakuna uzito. Utacheka mwanzoni, halafu utaacha kucheka. Hiyo ni sehemu ya chini ya trapeziasi, na kwa wengi wetu imelala tangu darasa la nne. Baada ya wiki kadhaa sista aliongeza chupa ya nusu lita ya maji kila mkono. Nusu kilo. Yule jamaa wa mikebe ya zege alijaribu hiyo nusu kilo kwangu nyumbani, akafanya nane, akakaa.

Mara 10 hadi 15 kwa kila zoezi, raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si shida, bora yawe yametulia kesho yake asubuhi. Yakipanda na kukaa, punguza mzigo ama punguza mwendo, usiache kabisa.

Na uwe na subira. Wiki tatu za kwanza sista hakuona chochote, akaniambia anapoteza wakati. Ukweli ni kwamba wiki za mwanzo mwili unafundisha neva namna ya kuita msuli, msuli wenyewe bado haujakua. Karibu wiki ya sita akaanika blanketi kwa kamba bila kukumbuka kwamba zamani lilikuwa linamuuma. Hakuligundua hilo hadi nilipomuuliza. Wiki ya kumi alikuwa anamaliza kichwa kizima bila vidonge siku nyingi. Siku nyingi, sijasema zote. Desemba ilipofika, watu wakitaka kwenda ushago wamesukwa, bega lilirudi kulalamika, kwa sababu vichwa viwili kwa siku ni vichwa viwili.

Ndo maana mazoezi peke yake hayakutosha. Alibadilisha kazi pia. Alinunua kiti kifupi cha mteja, sasa kichwa kiko usawa wa kifua chake na viwiko vimeshuka chini ya mabega. Sehemu ya chini ya kichwa anaisuka akiwa ameketi. Kila akimaliza mstari, anashusha mikono na kuitikisa, sekunde ishirini tu. Na vichwa viwili vikubwa siku moja akavipandishia bei. Kuna wateja walinuna, mmoja akahama. Mimi naona hiyo bei mpya ni sehemu ya matibabu kama lile zoezi la ukuta, lakini hakuna daktari ataiandika kwa karatasi.

Ukidhani haya ni mambo ya wagonjwa, angalia wanaoishi kwa kurusha. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki akiangalia video za YouTube, mpaka wakamwita "Bwana YouTube", na mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Msee wa kawaida akiangalia hiyo video anaona mkono. Irudie polepole uangalie mgongo. Kabla mkuki utoke, kombe linarudi nyuma na kuinama ili mkono upate pa kujivuta, halafu nguvu inayotoka miguuni na kiunoni inapita hapo kwa kombe kuelekea mkononi. Daktari mmoja Mmarekani, Ben Kibler, aliandika mwaka 1998 kuhusu kazi hii ya kombe kwa wanamichezo, na tangu hapo makocha wengi wa michezo ya kurusha wakaanza kuliangalia. Malkia Strikers wakipiga mpira wa wavu ni hivyo hivyo. Kila pigo linaanzia mgongoni.

Wasichana wameniuliza kama watakuwa na mabega ya mwanaume. Kwa nusu kilo ya maji? Hapana. Na wale wa laptopu, mnaofanya kazi za kuandika mtandaoni usiku kucha, mkao "mbaya" si dhambi. Kukaa mkao mmoja saa tano ndo shida. Simama, fanya la ukuta mara kumi na mbili, rudi.

Kuna mabega ambayo hayafai kuanza na blada. Kama umeanguka kutoka kwa boda na mkono haupandi, kama bega limebadilika umbo, kama vidole vimekufa ganzi, nenda hospitali. Kama maumivu yanakuamsha kila usiku hata hujalilalia, na una homa ama unakonda bila sababu, nenda. Mzazi wako wa miaka hamsini mwenye kisukari ambaye bega lake linaganda kidogo kidogo mpaka hawezi kuchana nywele, huyo anahitaji kuangaliwa kivyake, kwa sababu bega kuganda huwapata zaidi watu wenye kisukari. Na bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana na pumzi kukata, hiyo inaweza kuwa moyo. Hapo usingoje fizio, usingoje asubuhi.